Wanatuita wezi wa wazo, tujibuje?

SWALI

Shangazi shikamoo. Sisi ni kikundi cha akina mama 11 tuko Morogoro mjini, tunatengeneza mkaa mbadala. Tulianza mwaka jana mwezi wa tano baada ya mafunzo ya wiki moja, tunakusanya chenga, yaani vumbi na vipande vidogo vya mkaa vinavyobaki kwenye vituo vya wauza mkaa, tunachanganya na uji wa muhogo na udongo kidogo, tunasukuma kwa mashine ya mkono, tunaanika juani, basi. Wateja wetu ni mama ntilie na wakaanga chipsi, na kuna shule mbili zimeanza kutuulizia.

Sasa kuna kikundi kingine kata ya jirani, wao walitutangulia kama mwaka na nusu hivi. Wiki tatu zilizopita mwenyekiti wao akaposti Facebook picha ya mfuko wao na mfuko wetu imeunganishwa pamoja, akaandika "wezi wa wazo hawa hapa, walikaa wakasubiri sisi tuteseke ndo waje wachukue kilaini". Ikarushwa kwenye grupu la WhatsApp la wajasiriamali lenye watu zaidi ya 400, wakamtagi na afisa maendeleo ya jamii. Shangazi tumetukanwa mpaka basi. Mama ntilie mmoja amenirudishia mzigo wangu mbele ya wateja anasema hataki mkaa wa wizi. Na tumeomba mkopo wa halmashauri, tunaogopa tutakatwa.

Wenzangu wamegawanyika. Wengine wanataka tujibu kwa nguvu na tuanike siri zao, maana mwanachama wetu mmoja alikuwa kwao kabla hajahamia kwetu na ndo aliyetusaidia kupata wateja wa kwanza na kuchagua mfuko, kwa hiyo mambo yao anayajua. Wengine wanasema tunyamaze Mungu atajibu. Mhazini anasema twende polisi. Mimi ndo katibu, nimeambiwa niandike majibu, nimeandika nikafuta mara tano. Tujibuje?

Katibu aliyechoka, Morogoro

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Watu 400 wakikusoma vibaya kwa siku moja hata chai haishuki, naelewa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa upande wenu kabisa, nawaka. Mara ya pili nikakwama kwenye kale kamstari ulikokapita haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa, kale ka mwanachama aliyewasaidia kupata wateja na kuchagua mfuko. Hapo tutarudi, usijifanye umesahau.

Tuanze na hili la wazo, maana ndo linalokunyima usingizi na kwa kweli ndo jepesi kuliko yote. Mkaa mbadala si wazo la jirani zenu, na si lenu pia. Chenga zimeshindiliwa na uji wa muhogo miaka mingi kabla mwenyekiti wao hajafungua akaunti ya Facebook. Na kisheria wazo halina mwenyewe. Tanzania imo kwenye TRIPS, mkataba wa Shirika la Biashara Duniani unaohusu haki za ubunifu, na ibara ya 9 inasema hakimiliki inalinda namna mtu alivyokieleza kitu chake, wazo lenyewe au njia ya kufanyia kazi hailindi. Yaani wale jirani wakiandika kijitabu cha kutengeneza mkaa, nyie mkakitoa fotokopi mkauza, mmeiba kijitabu. Mkikisoma mkaenda uani kutengeneza mkaa, hamjaiba kitu. Hataza nayo, ile haki anayopewa aliyevumbua kitu, inadai kitu kiwe kipya, sasa upya wa mkaa wa chenga uko wapi jamani.

Halafu angalia mambo yalivyokuja. Serikali ilitoa agizo taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa wa miti kufikia mwisho wa Januari 2024, Mei mwaka huo huo ukazinduliwa mkakati wa nishati safi ya kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Semina kila mahali, maonyesho kila mahali, mpaka STAMICO ambalo ni shirika la madini la serikali likaingia sokoni na mkaa wake wa makaa ya mawe unaitwa Rafiki, mbona huo haujapostiwa? Ukiiambia nchi nzima mkaa wa miti basi, halafu ukafundisha watu namna ya kutengeneza mwingine, utashangaaje kata mbili zikiamka na wazo moja?

Na nyie kikundi, bila shaka mna kikoba humo ndani, sanduku la kufuli tatu, hisa, mfuko wa jamii. Unajua kimetoka wapi? Niger, mwaka 1991, shirika la CARE na akina mama wa vijijini huko, kwa Kihausa wakakiita Mata Masu Dubara, baadaye kikaja Zanzibar, kikavuka bara, leo hesabu vikoba vya mtaani kwako peke yake utachoka. Hakuna mama wa Niger aliyepanda basi kuja stendi yenu ya Msamvu kudai chake. Na hao wanaowaita wezi nina hakika na wao wana sanduku la kufuli tatu.

Kwa hiyo kwenye mkaa msiombe radhi. Mkiomba radhi kwenye mkaa mmekubali kwamba hamna haki ya kuutengeneza, na kesho atakuja mwingine na kikundi chake cha tatu nyie ndo mtakuwa mnamposti.

Ila sasa, shika kanga uliyojifunga uiangalie. Kanga kama wazo ni ya kila mtu. Inasimuliwa kwamba akina mama wa pwani zamani hizo, karne ya 19 inaelekea mwisho, walikuwa wananunua leso zile za mraba zikiwa kwenye jora, wanakata sita, wanaunga tatu kwa tatu, wanapata vazi. Wafanyabiashara walipoona linapendeza wakaagiza kitambaa kizima kilichochapwa hivyo hivyo. Yaani wafanyabiashara ndo waliowaiga akina mama, na hakuna aliyewaita wezi, na mpaka leo yeyote mwenye kiwanda anachapa kanga. Lakini pale Mombasa kuna duka la Kaderdina Hajee Essak, limeanza 1887, na kanga zake zina maandishi K.H.E. Mali ya Abdulla. Hayo maandishi sasa ndo yana mwenyewe. Chapa kanga utakavyo, andika jina lako.

Mfuko wenu ukoje mwanangu? Maana kwenye barua yote umenieleza mpaka udongo na uji wa muhogo lakini mfuko hukunieleza rangi, wala picha iliyopostiwa hukunitumia, wakati ndo iliyowaka moto. Mwenyekiti wao hakuposti picha ya mkaa wenu, mkaa wote unafanana, mweusi. Aliposti mifuko miwili pamoja. Na mfuko wenu ulichaguliwa na mtu aliyetoka kwake. Naweza kuwa nakosea, ila mimi nimeuza vitu miaka mingi na ninavyojua mtu hachukui muda wa kuunganisha picha mbili kama hazifanani.

Basi fanya hivi, leo kabla hujaandika herufi moja. Weka mifuko miwili mezani, mwite mtoto wa jirani asiyewajua, mwambie kaniletee wa kwetu. Akisita, mmewakosea. Na hapo hamjachukua wazo, mmechukua sura, na sura ndo kile ambacho mama ntilie anakitambua kwa mbali akiwa na sufuria ya maharage mkononi. Yule aliyerudisha mzigo huenda siku ya kwanza alinunua kwenu akidhani ananunua kwao. Jiulize hilo kwa uaminifu kabla hujamkasirikia.

La wateja lina pande mbili. Mama ntilie si mbuzi wa mtu, hafungwi kamba, akipenda mkaa wenu anunue. Huyo mwanachama naye hakuolewa na kile kikundi, alikuwa na haki ya kuhama, na ujuzi ulio mikononi mwake ameondoka nao, hauwezi kurudishwa. Lakini kama aliondoka na daftari, lile lenye majina na namba za simu na nani anadaiwa shilingi ngapi, au alilipiga picha kwa simu, lile ni lao. Muulizeni, na mumuulize faraghani, sio kwenye kikao cha watu 11 mkamfanya mbuzi wa kafara. Kama lipo lirudi, kama ni picha ifutwe mbele ya mtu.

Na hizo siri zao, sijui ni nini na sitaki kujua. Mkizitoa, kitu cha kwanza watu 400 watakachojifunza ni kwamba nyie mna mtu aliyetoka kule na mambo ya ndani. Yaani mtakuwa mmethibitisha posti yake kwa mikono yenu, bila hata yeye kugharamika bando.

Polisi nako kwa sasa mwambie mhazini atulie. Ni kweli Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo na kumchafua mtu kwa uongo si mchezo. Ila mtafika pale kaunta na mfuko wenu kama kielelezo, askari atauweka huu na ule, atauliza sasa huu ni wa nani. Hapo mtaanza kukohoa. Tunzeni skrinishoti zenye tarehe na jina la aliyeposti, mziweke, kama baadaye uongo ukiendelea wakati nyie mmeshajisafisha, hapo mtakuwa na la kusema.

Wanaosema mnyamaze kabisa nao siwaungi mkono. Kama ingekuwa umbea wa mtaani ningesema nyamazeni, utapita. Huu umefika kwa mteja na kwa afisa, ukinyamaza unaandikiwa majibu na wengine. Mjibu mara moja, pale pale kwenye grupu, maneno machache, mtu mmoja, wewe katibu. Asubuhi, sio saa sita usiku. Maandishi, sio voisi, maana voisi inakatwa kipande kinachosikika vibaya ndo kinasambazwa. Ningekuwa mimi, na yule mtoto amesita, ningeandika kama hivi:

"Habari za asubuhi. Tumeona posti kuhusu kikundi chetu. Kutengeneza mkaa mbadala tulifundishwa kwenye mafunzo mwaka jana na kazi hiyo tunaendelea nayo. Kuhusu mfuko, ni kweli unafanana na wa wenzetu waliotutangulia, lilikuwa kosa letu na tunaomba radhi kwao na kwa wateja. Kuanzia leo hatuutumii tena, mfuko mpya ni huu pichani. Tumewaomba wenzetu tukutane mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mwenye swali anipigie, mimi ndo katibu."

Basi. Hakuna "baadhi ya watu wenye wivu", hakuna mstari wa Biblia wa kuwapiga nao, hakuna "kama tumewakwaza". Hilo la kama ndo linaloudhi kuliko yote, mtu umemkanyaga mguu unamwambia kama nimekukanyaga. Na ukishaandika toka nje ukaanike mkaa. Usijibu komenti moja moja, na waambie wenzako shemeji na mawifi wasiingie kuwatetea. Mume wa mhazini hasa, kwa jinsi nilivyoisoma hiyo barua nahisi ana maneno.

Mfuko mpya uwe tayari kabla ya kuandika, hata kama ni kiroba cheupe kisicho na kitu na stika yenye jina lenu. Kusema mtabadilisha bila kubadilisha ni kununua wiki nyingine ya kutukanwa. Mifuko ya zamani iliyobaki najua inauma, mlilipia. Igeuzeni ndani nje mfungie mizigo ya nyumbani.

Kikao nendeni watu watatu tu, na kisifanyike kwenu wala kwao. Beba daftari la mahudhurio ya mafunzo kama mnalo, risiti ya mashine, tarehe mliyouza mara ya kwanza. Sio kuwashinda, ni ili maneno yapungue. Kuna jambo ningetamani mlizungumze baadaye, zile shule mbili. Jiko la shule linakula mkaa si kama la mama ntilie, nakuhakikishia kikundi kimoja chenye mashine ya mkono mvua ikinyesha wiki nzima hakiwezi kupeleka mzigo kamili. Lakini msilitaje siku ya kwanza, wataona mmekuja kibiashara na radhi yenu ilikuwa chambo. Liacheni hata mwezi.

Afisa maendeleo mfuate ofisini kwa miguu yako, usimjibu kwenye grupu, hapendi kutagiwa kama wewe usivyopenda. Mweleze mwenyewe habari ya mfuko kabla hajauliza. Ule mkopo mlioomba unatoka kwenye lile fungu la asilimia 10 la mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, lilisimamishwa 2023 likarudi 2024, na kelele kubwa zilikuwa za vikundi hewa na hela zisizorudi. Anachotaka kujua ni kwamba mpo kweli, mnazalisha kweli, mtarejesha. Nani aliota kwanza si kazi yake.

Yule mama ntilie mpelekee kiroba kimoja cha bure kwenye mfuko mpya. Mpelekee wakati wateja wake wapo, kwa sababu na yeye alikurudishia mbele yao.

SWALI

Shangazi, sisi ni chama cha vijana huku Kilifi. Twatembeza wageni mikokoni kwa mitumbwi halafu twawapikia chakula cha Kigiriama, tulianza sisi huku kwetu hakuna aliyekuwa akifanya. Sasa kuna kikundi kingine wametukopi kila kitu, mitumbwi, chakula, mpaka picha zetu wamezitoa kwenye ukurasa wetu wakaziweka kwao na mimi mwenyewe niko kwenye picha moja nimeshika kafi! Vijana wanataka tuwaanike mtandaoni. Tuwaanike?

Nahodha, Kilifi

JIBU

Nahodha nimecheka samahani. Wewe unawafanyia watu matangazo na hawakulipi.

Mikoko iliyopo Kilifi haikupandwa na chama chenu, na wali wa nazi na mchunga si siri. Safari ya mitumbwi waachie, shindaneni kwa huduma. Ila picha ni habari nyingine kabisa, picha ina mwenyewe tangu sekunde ilipopigwa, Kenya sheria ya hakimiliki ni ya 2001 na ofisi yake ni KECOBO. Hapo ndo mkaze. Mwandikie msimamizi wa ukurasa wao ujumbe wa faragha, picha hizi tano ni zetu, ziondoeni ndani ya siku tatu. Asipoondoa, ripoti kwa Facebook wenyewe kwa fomu yao ya hakimiliki, mkiwa na picha halisi kwenye simu yenye tarehe. Jina la chama na nembo msajili KIPI, ofisi ya Kenya ya mali za viwandani, kama alama ya biashara, kama hamjasajili.

Kuwaanika hapana, na nakwambia kwa aibu yangu mwenyewe. Miaka hiyo nauza achari ya embe Tanga nilimkuta mama mmoja na chupa kama zangu, nikamvaa sokoni mbele za watu, umeniibia achari yangu. Soko zima likaanza kucheka. Achari ya embe! Tanga! Muuza nazi akaniuliza na wali umeugundua wewe? Yule mama wa watu hata hakunijibu, na wiki ile aliuza kuliko mimi, watu walienda kuonja hiyo iliyoibwa ikoje.

SWALI

Nikisajili jina la biashara BRELA, kule kwa wasajili wa biashara, si ndo hakuna atakayeniiga tena?

Fundi viatu, Mwanza

JIBU

Hapana kaka. Jina la biashara linakutambulisha wewe kama mfanyabiashara, ukitaka jina na nembo unavyobandika kwenye kiatu vilindwe unaomba alama ya biashara, ni BRELA hao hao lakini maombi mengine. Inatangazwa kwanza, mwenye pingamizi anapewa siku 60, ikipita ni yako miaka 7, halafu unahuisha kila miaka 10. Na ni Tanzania Bara tu, viatu vyako vikivuka kwenda Unguja huko unaomba upya BPRA, wasajili wa Zanzibar. Dizaini ya ndala ya kawaida lakini usihangaike nayo, hiyo ni ya wote.